Dawa ya Deni

Siku tuliyomzika Baba, kaka yangu alisimama barazani kabla jeneza halijainuliwa akatangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu aje kwa familia, na awezaye kusamehe asamehe. Watu wakaitikia kwamba wamesamehe. Hakujitokeza mtu. Mama alikuwa ndani na wanawake wenzake, sauti ya kaka ikamfikia dirishani, na baadaye akaniambia kwamba pale pale moyo ulimwenda mbio, kwa sababu yeye alijua wadai wapo. Wao wenyewe ndio waliosahau.

Akakaa na jambo hilo mpaka alipomaliza eda. Asubuhi moja alinikuta jikoni, akasogeza sufuria, akaweka mezani kopo la Blue Band lililofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndani mlikuwa na mikanda minne ya picha, yote imepigwa na hakuna uliosafishwa, pamoja na daftari dogo lenye jalada jeusi.

"Hawa walilipa arubuni," alisema, kidole kikishuka juu ya safu ya majina. "Wakapigwa picha, picha hawakupewa. Baba yako ameondoka na hela zao. Dawa ya deni kulipa, mwanangu. Zisafishe."

Alisema "zisafishe" kama mtu anayenipa mchele niuchambue.

Baba alikuwa mpiga picha Ngamiani, hapa Tanga, kwenye ile mitaa ya barabara zenye namba, tangu sijazaliwa. Alikuwa na Zenit ya Kirusi, kiti kimoja, na shuka jeupe ukutani. Waliomjia walitaka picha ndogo za vyeti, za shule, za kitambulisho, na sikukuu walikuja na watoto waliopakwa wanja. Kusafisha alisafisha mwenyewe, usiku, katika chumba cha uani. Kisha zikaja mvua za El Niño mwishoni mwa 1997. Bati la chumba kile likavuja, unga wake wa dawa ukaingia maji ukawa tofali la kahawia. Kabla hajapata fedha za dawa nyingine, mjini zilishaingia studio za rangi zenye mashine, unapeleka mkanda na baada ya saa moja unarudi kuchukua picha. Wateja wakahamia huko. Halafu macho yake yakaingia mtoto wa jicho. Kopo likabaki juu ya kabati, nasi watoto tukakua tukidhani lina misumari.

Nilihesabu majina: 31. Yaliyochorewa nusu mwezi pembeni, alama yake ya mtu aliyelipa nusu, yalikuwa 19.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na hesabu niliyoitambua kabla sijaisoma, maana nilikuwa nikimshikia kijiko nikiwa na miaka minane: metoli 2, salfaiti 100, haidrokwinoni 5, boraksi 2, maji lita moja. Hiyo ni D-76, kanuni iliyotoka kwa Kodak mwaka 1927, na ndugu yake wa Ilford huitwa ID-11. Baba hakushughulika na jina wala mwaka. Kwake ilikuwa "dawa", basi. Alipasha maji hadi yawe ya moto wa kuondoa kidole haraka, akatia salfaiti ncha ya kijiko, akatia metoli yote, akakoroga mpaka ipotee kabisa, ndipo akamimina salfaiti iliyobaki na vingine. Nilimuuliza kwa nini asitie vyote kwa pamoja. Akaniambia metoli ina haya, ikikuta salfaiti imejaa nyumba haiingii. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba ndivyo ilivyo: metoli haiyeyuki vizuri kwenye maji yaliyojaa salfaiti, na ile ncha ya mwanzo huwekwa ili hewa isiiharibu metoli wakati inakorogwa.

Kwa hiyo nilijua kwamba nyumba hii ilikuwa na dawa yake, na sikuwa nayo.

Nieleze kilichokuwa hatarini, maana jambo hili lilininyima usingizi. Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe umepakwa utando wenye chembe za chumvi ya fedha. Ukipiga picha, mwanga hugusa baadhi ya chembe hizo, lakini kwa macho huoni tofauti yoyote. Dawa ya kusafishia ndiyo inayopita chembe kwa chembe, iliyoguswa ikaigeuza fedha nyeusi, isiyoguswa ikaiacha. Mkanda ukikaa miaka mingi, tena kwenye joto la pwani juu ya kabati, chembe zisizoguswa huanza kujifanya zimeguswa. Dawa kali inazipokea zote. Unapata mkanda uliojaa ukungu mweusi kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyuso za watu zimezama humo. Wala hakuna kurudia, kwa kuwa mkanda husafishwa mara moja tu. Kila niliyemweleza alidhani natafuta kitu cha kuoshea, kama sabuni, iwe hii iwe ile, na mimi nilikuwa natafuta cha kunitofautishia watu na ukungu.

Mdogo wangu yuko Manchester. Nilimwandikia, akanijibu kwamba Desemba anakuja, nimwambie tu anibebee dawa gani. Ilikuwa Septemba. Kwanza alinitumia kwa mkono wa msafiri mikanda miwili mipya ya FP4 nijifunzie, na tangi la kusafishia lenye gurudumu la plastiki ndani yake. Mikanda ya Baba ilikuwa FP4 pia. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu mkanda wa kasi ndogo huvumilia miaka kuliko ule wa kasi kubwa.

Lakini Mama hakutaka kusikia habari ya Desemba. Kila asubuhi aliuliza. Ndipo nikaanza na vilivyokuwemo nyumbani.

Mwaka 1995, mwalimu mmoja wa chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, Scott Williams, pamoja na wanafunzi wake, walionyesha kwamba mkanda unaweza kusafishwa kwa kahawa ya unga ya kuyeyuka iliyochanganywa na magadi ya kufulia. Waliofuata wakaongeza vitamini C, dawa ikapata nguvu. Wanaiita Kafenoli. Hesabu ninayoijua ni gramu 40 za kahawa, gramu 54 za magadi na gramu 16 za vitamini C kwa lita moja. Kahawa inayofaa zaidi ni ya bei nafuu, ile yenye robusta, kwa kuwa ina zile asidi zinazofanya kazi kwa wingi kuliko arabika. Nilifurahi kupita kiasi. Robusta ni zao la Kagera, na kopo la Africafe halikosi kwenye kabati letu. Magadi, ndiyo hayo yanayochimbwa Ziwa Magadi, nayo Mama anayo kwenye mkebe karibu na chumvi. Nilijiona nimepewa dawa na ardhi yenyewe.

Vitamini C nilinunua duka la dawa, vidonge vya miligramu 100. Kwa nusu lita nilihitaji vidonge 80. Mwanangu mdogo alivitwanga kwenye kinu kidogo cha kitunguu saumu, na nilikuwa nimekisugua mara tatu, lakini harufu ya saumu ilibaki. Nilipoviloweka, vile vinavyoshikilia kidonge havikuyeyuka, vikaelea kama pumba, nikachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui.

Usiku nikaingia bafuni. Baba watoto alishika mlango kwa nje, blanketi dirishani, kanga mbili chini ya mlango, na bado nilisubiri dakika kumi gizani nione kama kuna mwanga unaopenya. Ulipenya mmoja, tundu la kitasa, nikaliziba kwa kipande cha sabuni. Kuuingiza mkanda kwenye gurudumu gizani, vidole vikitoka jasho, kunahitaji subira kuliko kutunga uzi kwenye sindano. Unasikia mkanda ukinasa, unaurudisha, unaanza upya. Nilitumia nusu saa. Nje baba watoto alikuwa akiwaambia watoto wasubiri, na kitinda mimba wangu alikuwa analia anataka kwenda haja.

Nikasafisha dakika 15. Baada ya dawa, Mama alinipa siki, akikumbuka kwamba Baba alitia siki ili kuizima dawa. Nilimkatalia kwa heshima, kwa sababu siki ikikutana na magadi hutoa povu, kila mpishi anajua, na povu hilo likitokea ndani ya utando wa mkanda laweza kuutoboa vitundu. Nikasuuza kwa maji matupu mara kadhaa.

Mkanda ulitoka umefifia. Nilikuwa nimepiga kuku wetu, mnazi wa jirani, baba watoto akinyoa ndevu. Ukiinua kwenye taa uliona kitu mithili ya pumzi kwenye kioo, kipo, kisha hakipo. Mama aliutazama akarudi chumbani bila neno.

Ilinichukua siku mbili kujua kosa. Magadi ya sokoni, yale mabonge ya kijivu, ni mabichi. Yanavyotoka ziwani yana sehemu ya magadi makali ya kufulia na sehemu ya magadi mapole ya aina ile inayoumulia mikate, na maji yamejificha ndani yake. Kwa maharage yanatosha. Kwa kahawa hayatoshi, maana dawa ile haiamki mpaka maji yawe makali sana. Tiba yake ni moto. Niliyasaga, nikayakaanga kwenye sufuria kavu juu ya mkaa, nikikoroga kama ninakaanga karanga. Yaliumuka kidogo, yakatoa mvuke, yakageuka unga mweupe mwepesi. Gramu 100 zilirudi kama 70. Kilichopungua ni maji na hewa, kilichobaki ni ukali mtupu. Nikayatia kwenye mkebe safi, nikauweka rafuni usiku ule nikiwa nimechoka, sikuandika kitu juu yake.

Kosa hili ni langu peke yangu. Jumapili wifi yangu alikuja na watoto wake kutoka Muheza, na Mama akabandika maharage. Aliuona mkebe mpya, akaona magadi meupe, yamesagwa vizuri, akafurahi, akatia kijiko chake cha siku zote. Maharage yaliiva mapema mno. Maganda yaliachana na nyama yake, mchuzi ukawa mweusi na mzito unaoteleza, na jikoni pakanukia kufua. Tulipakua. Wifi alikula vijiko viwili, akanywa maji, akala kijiko cha tatu kwa adabu. Watoto walisema wazi kwamba ni sabuni.

Mama aliuchukua ule mkebe akanijia nao uani.

"Umetia nini kwenye magadi yangu?"

"Sijatia kitu, Mama. Nimeyakaanga tu."

"Magadi yanakaangwa?"

"Kwa ajili ya dawa ya Baba."

Akanyamaza. Akaketi juu ya kibao cha mbuzi, akasema taratibu kwamba Baba katika miaka yake yote hakuwahi kuingiza dawa jikoni, hata kijiko, na kwamba ndiyo maana alijenga kile chumba cha uani kwa mikono yake kabla hajajenga choo. Nililia kidogo siku ile. Alikuwa ananiambia jambo ambalo nilipaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Metoli huwaletea baadhi ya watu ukurutu mikononi, na mkebe wowote usio na maandishi katika nyumba yenye watoto ni hatari. Toka siku hiyo vyombo vya dawa vina utepe mwekundu, viko ndani ya sanduku lenye kufuli, na hakuna kilichorudi jikoni. Kinu cha saumu nacho nilikitoa, nikamnunulia Mama kingine.

Magadi yaliyokaangwa yalifanya kazi. Mkanda wa pili wa majaribio ulitoka mzuri, manyoya ya kuku yanahesabika, ndevu za baba watoto zimesimama moja moja. Kafenoli inanuka, sitaficha, inanuka kama majani yaliyooza kwenye ndoo, na huacha rangi ya kahawia hafifu kwenye mkanda, lakini picha ni picha. Kwa mkanda mpya naipenda mpaka leo.

Nikapata ujasiri wa kugusa mkanda wa Baba. Gizani nilikata kipande cha shubiri moja kutoka ncha ya mkanda namba 4, nikakisafisha peke yake. Kilitoka cheusi tii. Nilikiinua kwenye taa, kwenye jua, kwenye mwanga wa simu, nikaona kivuli cha bega labda. Kwa joto la bafuni kwetu, na ukali ule wa magadi, kahawa haikubagua. Iliamsha kila chembe.

"Mbona usiku?" Mama akauliza.

Nikamwambia tusubiri Desemba. Safari hii alikubali, na kukubali kwake kuliniumiza kuliko kuhimiza kwake.

Sasa ilibaki kuamua nimwagize mdogo wangu dawa gani. Nilitaka D-76. Naandika hili waziwazi: niliitaka kwa sababu ya Baba, kwa sababu ya kijiko na ile metoli yenye haya. Tena ni unga, husafiri kwenye begi bila kumwagika, na ni dawa inayopatana na karibu kila mkanda. Ningeweza kumaliza hapo. Lakini nilizipitia na nyingine.

Rodinal ni dawa ya zamani mno, Agfa waliipatia hataza mwaka 1891, na chupa yake ikifunguliwa hukaa miaka bila kufa. Hutumika imezimuliwa sana, sehemu moja kwa maji 25, au 50, hata 100, kwa hiyo chupa ndogo ni mikanda mingi. Sifa yake ni ukali wa mistari. Haina ile salfaiti nyingi inayolainisha chembe, hivyo chembe hubaki wazi kama mchanga. Kwa picha ya mzee mwenye makunyanzi, kwenye mkanda mpya, sijui dawa inayoishinda. Kwa mkanda ambao tayari umejaa ukungu, ule mchanga ungefunika macho ya watu. XTOL ya mwaka 1996, nayo inatumia jamaa ya vitamini C badala ya haidrokwinoni, ni laini na inatoa maelezo mengi kwenye vivuli, ila ina tabia moja ninayoiogopa: hufa ghafla. D-76 ikichoka hubadilika rangi ikakuonya. XTOL yaweza kuonekana maji safi kama jana na ikawa haina kitu, na mikanda yangu ilikuwa minne tu duniani.

Ya mwisho ilikuwa HC-110. Hii ni ya maji, unaizimua unapoitumia, na chupa hukaa muda mrefu. Wengi waliowahi kusafisha mikanda iliyolala miaka wanairudia hiyo, kwa sababu huinua picha bila kuinua ukungu kwa kiasi kile kile. Haina historia yoyote na nyumba yetu.

Nilizunguka na mawazo haya wiki nzima, nikimsomea baba watoto usiku. Alikuwa amelala chali, nikadhani kashasinzia. Akasema, "Mke wangu, kwani unamsafishia Baba au unawasafishia wale watu wa daftari?"

Asubuhi nikamwandikia mdogo wangu: HC-110.

Chumvi ya kugandishia picha, ile ambayo Baba na wenzake waliiita haipo, nilikuwa nimeipata mapema kwa muuza kemikali wa Dar es Salaam. Nilimpigia simu nikamwuliza, "Haipo ipo?" Akanijibu, "Dada, kama haipo itakuwaje ipo?" Tulichukua muda kuelewana. Ilipofika, niliyeyusha gramu 250 kwa lita moja, na kifungua mimba wangu, ambaye alikuwa ameshika jagi, akashtuka. "Mama, imepoa yenyewe!" Jagi lilikuwa linatoka jasho kwa nje. Ndivyo ilivyo chumvi hii, ikiyeyuka huvuta joto la maji, na katika mji kama wetu ni neema. Lakini ina mtego wake. Mkanda ukitoka kwenye dawa ya joto ukaingia ghafla kwenye baridi, utando wake waweza kukunjamana ukapasuka mistari kama udongo wa bwawa lililokauka. Kila kitu, dawa, maji ya kusuuza na haipo, sharti viwe na joto moja.

Joto lenyewe ni nyuzi 20. Maji ya bomba letu mwezi wa kumi na mbili ni 29. Baba alitumia mtungi. Aliujaza jioni, akauacha ukipigwa na upepo uani, akafanya kazi karibu na alfajiri. Nikaujaza mtungi wa Mama, alfajiri ukanipa 25. Zilizobaki tano zilihitaji barafu, na umeme ulikatika saa nne usiku.

Barafu iliyokuwepo ilikuwa ya kifungua mimba. Huuza barafu za ubuyu shuleni, zile za vifuko virefu, na friza ilikuwa na vifuko 40 vya biashara ya wiki, ambavyo bila umeme vingeyeyuka tu hata kama si usiku ule. Nilimwamsha nikamwomba. Alikaa kitandani akifikiri, akaniuliza kama ni kwa ajili ya Babu. Nikasema ndiyo. Akavileta mwenyewe kwenye beseni, na kesho yake nilimlipa vyote kwa bei ya kuuzia.

Tukaweka tangi na chupa ndani ya beseni, vifuko vya ubuyu vikizunguka. Kipimajoto kikashuka: 24, 22, 21. Kifuko kimoja kilipasuka, beseni zima likawa jekundu. Hakuna kilichoingia kwenye tangi, limefungwa. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshafika na dawa, alishika tochi, Mama alishika tasbihi mlangoni. Mililita 16 za dawa katika nusu lita ya maji. Kwanza kipande kidogo cha majaribio. Kilitoka na ukungu wa kijivu, na ndani ya ule ukungu, shingo, kola ya shati, kifungo.

Nikaingiza mkanda mzima. Dakika 9, kila dakika nikilipindua tangi mara nne, polepole. Nilimwaga dawa, nikasuuza, nikatia haipo, nikahesabu dakika kumi ambazo sikuzungumza na mtu. Nilipolifungua tangi nilivuta mkanda kwa ncha na sikuwa na haja ya taa, kulikuwa kumeshakucha.

Mkanda namba 1 ulikuwa umeshikamana, tabaka juu ya tabaka, ukachanika nilipojaribu kuufungua. Huo umekwenda. Mitatu iliyobaki ina ukungu, wa namba 2 mzito sana upande mmoja, lakini watu wamo. Tuliitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, ndani, kibanio juu na kibanio chenye uzito chini, na Mama akatangaza kwamba nyumba hii haifagiwi leo, asije mtu akatimua vumbi. Akatoa kanga nyeupe ya msibani akaitandaza dirishani nyuma ya mikanda ili jua lipenye sawasawa.

Mimi nilikuwa nafikiria kazi iliyobaki: kuipiga negativu moja moja kwa simu juu ya mwanga mweupe, kuigeuza, kupeleka steshenari wachape. Mama hakuingoja. Alisimama mbele ya mkanda namba 3 na miwani yake, ambapo nyuso zote ni nyeusi na nywele nyeupe na shuka la Baba limegeuka usiku nyuma yao, akaanza kusoma watu. Miaka yote alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha studio ile akiwapangia foleni.

"Huyu masikio," alisema. "Huyu ndiye yule wa cherehani. Ya ngapi?"

"Ya saba, Mama."

Nikafungua daftari. Jina la saba lilikuwa na nusu mwezi. Akaendelea, mama mmoja aliyebeba mtoto, vijana wawili wa shule waliopigwa pamoja kubana matumizi, mzee mwenye kofia ya kiua. Wengine aliwataja na kuwaombea rehema hapo hapo, kwa sababu wameshatangulia, na watoto wao akawajua wanapokaa. Wengine alinyamaza, akatikisa kichwa, nikaweka alama ya kuuliza.

Wa cherehani yuko hai. Anakaa barabara ya pili kutoka kwetu, mjukuu wake anasoma na kitinda mimba wangu. Mama alivua miwani akaenda chumbani, akarudi amevaa baibui.

"Mama, picha bado. Haijakauka hata."

"Najua haijakauka," akasema, akitafuta viatu vyake mlangoni. "Nakwenda kumwambia ipo."